Mikorosho Kumi na Miwili ya Kuazima

Somoe mwanangu,

Usiifungue barua hii mpaka basi livuke daraja la Rufiji. Nakujua, hamjafika hata Mingoyo utakuwa umeshaipasua bahasha, lakini mimi nimesema. Salamu tutapeana kesho alfajiri stendi. Mambo ya kula, kufua na kufunga mlango, shangazi zako wa Mikindani wanakumiminia sasa hivi huko ulikokwenda kuwaaga, kwa hiyo sirudii. Nimekaa kibarazani kwetu, adhuhuri imeshaswaliwa, cherehani nimeifunika kitambaa, na bibi yako amelala ndani usingizi wake wa mchana. Nina jambo ambalo mdomo wangu umekataa kulitoa tangu juzi. Na wewe unaujua mdomo wangu, haukatai kitu.

Nianze na siku ile majina yalipotoka. Nilikuwa kibandani Chikongola napiga pasi gauni la sare ya harusi, ukaja unakimbia na simu mkononi, kanga inakudondoka, unapiga kelele, “Mama, nimepata! Nimepata chuo!” Nikakurukia. Nikakukumbatia mpaka ukalalamika. Kisha nikakuuliza, umepata nini, sheria? Uhasibu? Ukasema, “Historia.” Nikasema, historia na nini? “Historia tu mama. Shahada nzima.”

Jamani! Nilipigwa na butwaa, sikuona mbele wala nyuma. Kilichonizindua ni harufu ya kuungua. Pasi nilikuwa nimeiacha juu ya mkono wa gauni, na lile tundu lilikuwa na umbo la pasi kabisa, na ncha yake. Hapo nikapata pa kutolea hasira. Nikakwambia umeniunguzia kazi, nikakwambia miaka mitatu mizima unakwenda kusoma habari za watu waliokufa, ukirudi utaajiriwa na nani, na maiti? Wateja wawili wakacheka. Wewe hukucheka. Ulikunja kanga yako ukaondoka taratibu, na mimi nikaona mgongo wako unavyokwenda, na sikukuita. Kwa hilo nakuomba radhi, na ni dogo kuliko linalokuja.

Hujui kwamba jioni ileile nilikwenda kwa Mwalimu Saidi, jirani yetu mstaafu, yeye aliyefundisha historia mpaka mvi zikamjaa. Nilikwenda kumwomba akubadilishe mawazo. Nilijua mtu aliyeila historia maisha yote ndiye atakayejua njaa yake. Akanikaribisha, akanimiminia chai, akasema, “Mama Somoe, nisikudanganye. Akitaka kufundisha itabidi aongeze masomo ya ualimu, halafu asubiri ajira, na kusubiri kwenyewe kunachosha. Nina wanafunzi wangu wana shahada hiyo na leo wanaendesha bodaboda.” Nikamwambia basi mwambie hayohayo. Akasema, “Nitamwambia. Lakini nitamwambia pia kwamba nina mmoja anatunza nyaraka za serikali, mmoja yuko redioni, mmoja aliongeza sheria baadaye na sasa ni wakili. Shahada hii haimpi mtu kazi mkononi. Inamfundisha kuuliza na kupima anachojibiwa, kazi anaitafuta mwenyewe.” Nikamuuliza, kuuliza nako kunasomewa? Mimi nimekuwa nauliza bure miaka yote hii! Akacheka mpaka miwani ikamtoka. Nilirudi nyumbani nimevurugika zaidi ya nilivyokwenda.

Halafu wiki ileile akaja kibandani dada mmoja, zipu ya begi lake imekufa. Ameletwa na gari, dereva anamsubiri barabarani. Nikiwa naifumua ile zipu nikamuuliza anafanya kazi gani, unajua mimi siwezi kukaa kimya na mtu. Akasema anazunguka vijiji vya kule mdomoni mwa Ruvuma, kabla barabara haijapitishwa, anawauliza wazee makaburi ya zamani yako wapi, nani alilima wapi, nani alihamia lini. Nikamuuliza amesomea nini hayo. Akasema historia. Hee! Nilisimamisha mashine. Nikamwambia, mwanangu, historia ina gari? Historia ina dereva? Naye akacheka, akasema gari ni la mkataba, mkataba ukiisha anarudi kwao anakaa anasubiri mwingine, mara nyingine anasubiri mpaka anakata tamaa. Nilimpenda kwa kunieleza ukweli. Kisha akasema neno ambalo juzi limenirudia. Alisema, “Kazi yenyewe si ngumu, mama. Tatizo wazee wanaogopa. Mtu akishaogopa anakupa hadithi aliyoiandaa, na wewe unaiandika.”

Nikamwambia pole. Nikamkabidhi begi lake. Sikujua kwamba ananisema mimi.

Tufike juzi sasa, kwenye dua yako. Watu wamekaa mkekani, ubani unafuka, pilau limeshaliwa, shehe amekuombea safari, na shangazi yako akasema haya msomi wetu, tusomee kile ulichoandika. Ukatoa lile daftari lako la Maisha ya Bibi Yangu. Nilijua ulikuwa unakaa naye na simu ukimrekodi, lakini nilidhani ni ngano na nyimbo za jandoni na unyagoni. Ukaanza kusoma kwa ile sauti yako ya shuleni. Bibi yangu alizaliwa Nanyamba. Baba yake alikuwa Mzee Athumani, mkulima wa korosho, nyumba yao ilikuwa nyuma ya msikiti. Walikuwa na mikorosho kumi na miwili, na mmojawapo ulipigwa na radi. Alichanjwa chale usoni akiwa binti mdogo, na shavu la kushoto lina mistari michache kwa sababu alilia sana, fundi akakosa subira akaacha.

Watu wanaitikia, eeh, mashallah, wanamtazama bibi na chale zake, na bibi ametulia kwenye mto wake anaangalia mikono yake. Kisha ukasema, na mwisho wa mazungumzo yetu bibi aliniuliza, “Nimesema sawa?” nami nikamjibu, sawa kabisa bibi. Watu wakacheka kwa furaha. Shangazi yako akapiga kigelegele. Mimi nikasimama nikajifanya nakwenda kuangalia sufuria jikoni, na sufuria lilikuwa tupu tangu zamani.

Somoe, kila neno ulilosoma ni langu. Mimi ndiye niliyelitunga. Bibi yako hajazaliwa Nanyamba. Hakuna Mzee Athumani. Ile mikorosho niliiazima kwa mteja wangu mmoja wa Nanyamba, aliyekuwa ananisimulia habari za shamba la marehemu baba yake huku namshonea dera. Hata ile radi ni yake.

Bibi yako ametoka ng'ambo ya Ruvuma. Alivushwa akiwa binti mdogo wakati wa vita vya kule, wenyewe wakipigania uhuru wao. Mimi nimezaliwa upande huu, karibu na Kitaya, na nimekua nikijua hivyo. Na nimekua nikiona haya.

Hujui tulivyokuwa tunaitwa. Wamawia, yaani Wamakonde wa kuja. Watoto walikuwa wanamfuata mama sokoni wanalitamka hilo neno kwa kulivuta, wanamwonyesha vidole usoni. Nikiwa darasa la tano nilikuwa nikienda naye sokoni natangulia hatua ishirini mbele, kikapu kichwani, ili watu wasijue yule mwanamke wa chale ni mama yangu. Yeye aliona. Siku moja akawa ananisuka nywele akaanza kunisimulia walivyokimbia, mtumbwi ulivyokuwa umejaa, nami nikamkatisha. Nilimwambia, mama hebu acha hayo mambo ya porini. Akaacha. Mpaka leo ninachokijua ni mtumbwi umejaa, basi. Nilikuwa na mdomo mrefu kuliko masikio, na mpaka sasa ndivyo nilivyo.

Baba yako nilipoolewa naye Mikindani alijua, Mungu amrehemu, na hakujali. Lakini ilipofika wakati wa kuandikisha vitambulisho, mtaani yakaenea maneno kwamba waliotoka ng'ambo watanyimwa, wengine wakasema watarudishwa. Hakuna aliyetuambia rasmi. Maneno tu ya bombani na saluni. Nikashikwa na hofu mpaka nikawa silali. Nikawaza, wakimchukua mama yangu nitafanyaje? Nikaamua kumtengenezea kwao.

Nilimfundisha mwezi mzima. Nikikanyaga cherehani, yeye amekaa kwenye kigoda pembeni yangu, namuuliza kama mtu wa ofisini, bibi ulizaliwa wapi? Anasema Nanyamba. Baba yako nani? Athumani. Mlikuwa na nini? Mikorosho. Mingapi? Kumi na miwili. Akikosea narudia mwanzo. Nilikuwa mkali, Somoe. Siku moja alitaja jina la kijiji chao kwa bahati mbaya, nikapiga meza kwa mkasi mpaka akashtuka. Kila akimaliza ananiangalia usoni ananiuliza, “Nimesema sawa?” Mama yangu mzazi, ananiuliza mimi kama amezaliwa sawa!

Nikampa na sharti. Nilimwambia usimwambie mtu yeyote, hata Somoe, yule mtoto mdomo wake ni redio. Ulikuwa mdogo wakati ule, unamwambia muuza samaki kila kinachopikwa nyumbani. Siku yenyewe ilipofika yule kijana wa ofisini alimwamkia shikamoo, akamuuliza jina na mahali alipozaliwa, akamwambia ahsante bibi, pita. Hakuuliza baba, hakuuliza korosho. Mpaka leo sijui kama ukweli ungetudhuru. Sikumpa mama nafasi ya kuusema.

Na kosa langu kubwa si lile la kumfundisha. Hofu ni hofu, namsamehe yule mwanamke niliyekuwa. Kosa ni kwamba kitambulisho kilipotoka, mwaka ukapita, na mingine ikapita, hakuna aliyekuja kuuliza tena, na mimi sikumwambia mama basi, imetosha, sema unalotaka. Nilisahau. Nikaendelea na magauni yangu. Yeye akaendelea kuzaliwa Nanyamba, na akili yake ikaanza kuchoka, akawa anauliza kama amekula wakati sahani iko mbele yake. Nilidhani kule kwao kumeshafutika. Nilidhani kumefutwa na mimi.

Sasa wewe unaondoka na daftari hilo. Umeliweka ndani ya begi, kwenye bahasha ya plastiki, umesema utaanzia hapo, utalipanua liwe utafiti wako. Yaani uongo wangu unakwenda chuo kikuu! Utapigwa muhuri, utakaa maktaba, na siku mimi na bibi yako hatupo, mtu atafungua asome kwamba walikuwa na mikorosho kumi na miwili. Nimekaa na hilo siku mbili.

Uliniambia wiki ile tuliyogombana kwamba mwanahistoria anajifunza kumtambua mtu asiyesema kweli. Nilikudharau, leo nakutania kidogo: mwongo wa kwanza amekulea, amekupikia uji, na hukumtambua. Lakini nikufundishe kitu, maana katika hili mimi ni bingwa. Sikiliza tena rekodi yako. Bibi yako huyu anayesahau kama amekula, anakutajia idadi ya mikorosho bila kukohoa, bila kusema ngoja kwanza. Mtu anayekumbuka kweli anakwama, anarudi nyuma, anasema hapana, hiyo ilikuwa kabla. Aliyefundishwa hakwami. Na lile swali lake la mwisho, ungejiuliza, mtu anayesimulia maisha yake mwenyewe anamuuliza nani kama amesema sawa? Ulilisikia ukalicheka. Sikulaumu. Mimi nililisikia mwezi mzima.

Ngoja. Bibi yako ameamka, namsikia anatafuta fimbo yake.

*

Somoe, nimerudi. Alasiri imeshapita na naandika haraka, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Nilimtoa nje nikamkalisha kwenye kigoda kilekile, nikampa maji. Nilikuwa nimeshaamua kujaribu, ingawa nilidhani hakuna kilichobaki kichwani mwake. Nikamuuliza, mama, ulizaliwa wapi? Akajibu palepale, Nanyamba. Baba yako? Athumani. Akaenda yote mpaka radi, hakuacha hata kipande, na mwisho akanitazama kama zamani, “Nimesema sawa?”

Nikamwambia, hapana mama. Si sawa. Nilikufundisha vibaya, mimi ndiye niliyekosea.

Akaangalia geti. Akaangalia dirisha la jirani. Kisha akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, “Wameshaondoka?”

Nikasema akina nani? Akasema, “Wale wa kuandika.”

Mungu wangu! Miaka yote hiyo! Mama alikuwa hajasahau. Alikuwa ananisubiri nimwambie kwamba wameondoka. Sahani ya chakula aliisahau, kijiji chao hakukisahau hata siku moja. Nikamshika mikono nikamwambia wameshaondoka mama, zamani, wameshaondoka zamani sana, nisamehe. Akasema, “Hukuniambia.” Basi. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Halafu akaanza. Karatasi za barua nilikuwa nimeziweka ndani, nikachukua daftari langu la vipimo vya wateja nikawa naandika nyuma ya viuno na mabega ya watu. Alikuwa anakwama. Anarudi. Anachanganya Kimakonde ndani, mengine sikuyaelewa, nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni mwake. Ametaja jina la kijiji, nimeliandika kwa herufi kubwa, sijui linavyoandikwa kwao. Ametaja jina la baba yake wa kweli. Ametaja jina alilopewa yeye alipozaliwa, na mimi, mwanawe wa kumzaa, nilikuwa silijui.

Na lile shavu la kushoto. Mimi nilitunga kwamba alilia fundi akaacha, kwa sababu sikuwahi kuuliza na nilitaka kujaza pengo. Fundi alikuwa dada yake mama yake. Alikuwa amemaliza upande wa kulia, umepona, siku hiyo ameanza wa kushoto, mistari mitatu tu, watu wakaja wanakimbia wanapiga kelele kwamba askari wamefika. Yule mama akafuta kisu kwenye nguo yake akamwambia, tutamalizia tukifika. Walifika mtoni. Mtumbwi ulikuwa umejaa, yule mama akabaki asubiri safari ya pili. Mtumbwi uliporudi kumchukua hakuwepo. Huku upande wa pili mafundi walikuwepo, walitaka kummalizia, na bibi yako akakataa. Alisema atamaliziwa na mwenyewe aliyeanza. Mimi uso ule nimeuonea haya maisha yangu yote, na sikujua nilikuwa naangalia nini.

Nimezichana kurasa zile, ziko tisa, zimo ndani ya bahasha hii. Nyuma yake utaona vipimo vya mama mwenye duka na vya bibi harusi wa Ijumaa, usivifute, nitavihitaji, nipigie unisomee. Kama kuandika ukweli huu kutamletea bibi yako shida na kitambulisho chake, mimi sijui, na naogopa, sikufichi. Mwulize yeye. Uamue na yeye. Mimi nimeshamwamulia vya kutosha.

Kuhusu kazi, bado nashtuka. Sitakudanganya kwamba nimetulia. Huenda ukarudi na shahada yako ukakaa hapa kibarazani ukinisaidia kutia vifungo huku unasubiri mkataba, na watu wa hapa mtaani kwetu Rahaleo watasema, na mimi nitawajibu, unajua nitawajibu. Ila usirudi umeacha. Nimefanya kazi ya kuziba midomo ya watu kwa hofu yangu, na nimeona inavyochukua muda mfupi. Kuifungua kumenichukua maisha, na nimefungua mmoja tu.

Bibi yako amechoka sasa, amerudi ndani kulala. Kabla hajainuka alizitazama zile kurasa mkononi mwangu, akanyoosha kidole akagusa lile jina lake la kwanza, nilipomwonyesha lilipo. Kisha akaniuliza, “Nimesema sawa?”

Sikuweza kumjibu, Somoe. Sikuwepo, na sikusikiliza nilipopewa nafasi. Nenda ukasome, mwanangu. Ujue mpaka uwe na hakika, halafu urudi umjibu wewe.

Mama yako, aliyekuwa anatangulia hatua ishirini mbele.